Usingizi wa Gwandu

Jumatatu, 13 Julai 1981. Katesh

Gwandu atakimbia Jumamosi. Atapanda Hanang na kushuka kwa mgongo wa mawe, njia ambayo hata wachunga mbuzi huikwepa. Amesema meneja wa shamba la ngano wakati wa chai. Gwandu mwenyewe hajasema kitu. Wageni kutoka wizarani watakuja kuangalia mavuno, na meneja anataka waone kitu zaidi ya kombaini.

Kwetu sawa. Filamu inahitaji mwisho. Tunaye Gwandu akikimbia kwenye mabua, Gwandu akifunga viatu vya tairi, Gwandu akinyamaza. Mtu wa miaka kama thelathini, Mbarabaig, mrefu, makovu usoni na magotini. Kila mtu anasema ni mlima uliompa. Rashidi, mpiga picha wangu, anayapenda makovu hayo kuliko mlima wenyewe.

Baridi kali. Makapi ya ngano mpaka ndani ya uji. Dizeli ya gari tunapewa na shamba. Sipendi, lakini nimepokea.

Jumanne, 14 Julai

Nimemhoji meneja. Gwandu aliwahi kuwa dereva wa kombaini, mmoja wa wachache wa huku waliofundishwa. Kisha siku moja mashine iliingia korongoni naye yuko juu.

"Alilala kwenye usukani," meneja alisema. "Pombe hiyo."

Nikamuuliza nani alimwona akinywa. Hakuna.

"Ndugu mwandishi, mtu hawezi kulala saa nne asubuhi bila pombe."

Akafukuzwa. Baada ya hapo ndipo alipoanza mlima. Kwanza madereva wenzake walimtania kwamba atashuka mgongo wa mawe kwa makalio. Alishuka mbio. Sasa watu wanatoka vijijini kuja kumtazama, naye kila mara anarudi na damu mahali fulani.

Meneja ameahidi: akiwafurahisha wageni, Jumatatu atarudi kwenye kombaini. Kwa hiyo Gwandu anakimbilia kazi. Mwisho mzuri wa filamu. Niliandika hivyo kwenye mpango wetu nikaenda kula.

Jumatano, 15 Julai

Boma la Gwandu. Mahojiano na mkewe, Udamara. Hajui Kiswahili cha kutosha. Mkalimani wetu ni Boay, mwalimu wa shule ya msingi, Mwiraqw wa Tumati upande wa Mbulu, aliyejifunza Kibarabaig minadani tangu utoto. Yuko likizo. Mtu makini.

Nilimuuliza mama yule anaogopa nini mumewe akipanda. Alijibu kwa kifupi. Boay akakunja uso.

"Anasema mume wake analala mlimani."

"Analala?"

"Ndiyo. Na kwamba tusimpeleke mahali pa mawe, kwa sababu atalala."

Rashidi akasema hata yeye angelala, kupanda kule si mchezo. Tukacheka wote watatu. Mama hakucheka. Alirudia neno lilelile polepole, kama mtu anayemwelekeza njia kiziwi, akamwangalia Boay, akamwangalia tena, akaondoka kwenda kufunga ndama.

Hakuna cha kutumia hapo. Mke ana wasiwasi, basi. Wake wote wana wasiwasi.

Rashidi ameanza kukohoa. Vumbi.

Alhamisi, 16 Julai. Getanuwas

Nimekosea, na kosa limo kwenye mkanda.

Tulikuja kumhoji dada yake Gwandu, ameolewa huku. Mwanamke mnene, mcheshi, anauza maziwa mnadani na Kiswahili chake kimenyooka. Boay alimwamkia shikamoo, yeye akaitikia kisha akauliza kama mke wa kaka yake ametuambia kuhusu kuanguka.

Nikasema ametuambia kuhusu kulala.

Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Atasemaje, maskini? Neno letu la kuanguka limekaribiana na jina la marehemu baba. Mke wa mtoto wake hawezi kulitaja, wala lolote linalofanana nalo. Lazima atafute lingine. Mimi binti wa nyumba ile nalitaja mpaka kesho." Akamgeukia Boay. "Na wewe mwalimu, maziwa yetu umekunywa tangu mdogo. Hujui kama wanawake walioolewa kwetu wana maneno yao?"

"Mimi naongea na wanaume mnadani, dada. Wanawake hawaniuzii ng'ombe."

"Ndiyo maana umebaki na nusu ya lugha."

Boay alitazama chini. Nilimwekea dada kinasa sauti asikilize maneno ya Udamara. Hakucheka tena. Akatafsiri: mume wangu huanguka, msimpeleke kwenye mawe, ataanguka. Mara mbili. Kisha kwenye mkanda kikasikika kicheko chetu.

Nikauliza kuanguka kwa namna gani. Akaeleza bila kupamba. Macho yanageuka, mwili unakakamaa, anatikisika, povu. Baadaye analala kama mfu, akiamka hajui kilichotokea. Tangu ujana. Nyumbani wanajua, nje hawajui.

Kifafa. Kilichomwingiza korongoni na kombaini si pombe.

Ijumaa, 17 Julai

Nimezungumza na Gwandu peke yangu. Alikuwa anakata tairi kuukuu apate soli mpya. Nilimwambia ninachojua. Hakuacha kukata.

"Dada yangu ana mdomo."

Nikamuuliza kwa nini mlima, mtu mwenye ugonjwa huo. Alilipindua tairi, akaanza kukata upande wa pili.

"Mtu akianguka nyumbani, wanasema ugonjwa. Wanaogopa mate yake, hawanywi kibuyu kimoja naye. Akianguka mlimani, wanasema mlima." Akagusa kovu la shavuni. "Hili nililipata bomani, kwenye jiwe la kusagia. Watu wanaliita la Hanang. Mimi ndiye mwanaume anayeshuka mawe. Unataka niwe nani mwingine?"

 Wiki nzima tumepiga picha makovu yale.

Nilimwambia hatutapiga picha mgongo wa mawe. Akasema piga usipige, wageni watakuwepo na Jumatatu anapanda kombaini. Nikamuuliza akianguka juu ya kombaini na watu wakiwa mbele ya visu vya mashine itakuwaje. Hapo ndipo kisu chake kiliposimama. 

Kwa meneja nilisema tu kwamba filamu haihitaji mgongo. Siri si yangu kuitoa. Akajibu kwamba wageni wanauhitaji.

Boay alikwenda mwenyewe kwa Udamara. Sijui walisema nini. Aliporudi alisema amemwomba radhi, na mama yule akamjibu kwa maneno mengi ambayo hakuyajua hata moja. Hakuniuliza kama nataka kuyaandika.

Nina hofu. Si jambo la kawaida kwangu.

Jumamosi, 18 Julai

Hakufika mlimani.

Viti vya wageni vilipangwa ukingoni mwa mabua. Watu wengi, vijana wa Kibarabaig na fimbo zao, wafanyakazi wa shamba, wakulima walioshuka kutoka Mbulu. Meneja alimtangaza. Gwandu alitoka mbio tambarare, mlima mbele yake, akaanguka kabla ya kuvuka shamba. Hakuna jiwe pale. Hakuna mteremko. Kila mtu aliona.

Watu walianza kumkimbilia, wakaona povu, wakasimama. Kisha wakarudi nyuma, duara likapanuka. Vijana waliokuja kumshangilia walirudi mbali kuliko wote. Mgeni mmoja alisimama, akakaa tena.

Udamara alipita katikati yao. Hakupiga kelele. Alimgeuza ubavu, akamwekea nguo chini ya kichwa, akamfuta mdomo kwa kiganja chake. Nikapiga magoti upande wa pili. Boay akaja. Mtu mmoja nyuma yetu akasema, "Na nyie mtaupata." Boay akamjibu bila kugeuka, "Basi njoo utupokee zamu."

Hakuja.

Nilimwambia Rashidi azime kamera. Alizima. Lakini alichelewa.

Meneja alisema pombe. Wa pembeni yake alimtazama, naye hakurudia.

Gwandu aliamka, akaona watu wako mbali, akaelewa. Uso ule sitausahau upesi. Aliondoka kwa miguu, mkewe mbele, yeye nyuma. Ngano upande mmoja, watu upande mwingine.

Jumapili, 19 Julai

Hakuna kazi. Meneja ametuma ujumbe: kombaini haitawezekana. Uamuzi ni wa haki, kwa ajili ya watu walio mbele ya visu, si kwa sababu aliyo nayo yeye.

Nilikwenda bomani. Kuna vibuyu viwili vya Gwandu vimewekwa kando, vimefungwa kamba nyekundu ili mtu mwingine asivinywee. Si mkewe aliyevifunga. Ni wazee wa jirani, walipita asubuhi. Udamara alikuwa anaifungua ile kamba nilipofika. Aliendelea kuifungua.

Gwandu alikuwa ndani, hakutoka. Niliweka sukari mlangoni. Kitendo cha kijinga, lakini siku hizi sukari haipatikani.

Jumatatu, 20 Julai

Kombaini zimeanza mapema upande wa magharibi. Nimezisikia kutoka kitandani.

Gwandu alikuja mwenyewe kwenye nyumba tuliyofikia, miguu mitupu. Boay alimweleza kuhusu mwanafunzi wake wa Tumati, anayeanguka vilevile na anapewa vidonge hospitali ya misheni upande wa Mbulu. Haponi, lakini siku nyingi zinapita bila kuanguka na anasoma. Gwandu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Ile ya Jumamosi mliipiga?"

Nikasema kidogo. Nikaongeza kwamba haitaingia kwenye filamu akikataa.

"Nataka kuiona."

Nikamuuliza kwa nini.

"Watu wote wameniona. Mke wangu, dada yangu, sasa na wageni. Mimi peke yangu sijawahi."

Rashidi akamweleza kwamba mkanda lazima ukasafishwe Dar, hauwezi kuonekana hapa. Gwandu aliuliza kama gari la sinema, lile linaloonyesha picha vijijini, hufika Katesh. Hufika, nikasema, barabara ikiruhusu. Basi mje nalo, akasema, lakini kwanza bomani kwangu, si uwanjani.

Nimemkubalia. Nimeandika kwenye boksi la mkanda kwamba usikatwe.

Udamara alisimama nje ya uzio. Alimwambia Boay jambo, Boay akauliza tena, akasahihishwa, akauliza mara ya tatu. Kisha akatafsiri: anaomba dawa za mume wake za kulala. Safari hii hakuna aliyecheka.

Kliniki ya hospitali ya misheni ni Jumatano. Gari linatoka hapa alfajiri, tunawapitia Gwandu na mkewe bomani.