Mzazi Anayeitwa ni Wewe

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Kile kikohozi kimekuachia, au bado unajitia uzima kwenye simu? Sisi tu wazima, ila mama anasumbuliwa na goti kukipiga baridi, na mimi nimezikwa na sare za shule mpaka cherehani haionekani. Nyumba imepwaya bila wewe. Mpaka leo nakunja shuka peke yangu, ncha moja nimeibana kwa kidevu.

Sasa kuhusu mwanao. Nilikuficha, maana uko kazini ugenini na ungebaki kulia tu. Huyu Kasuku wetu amekuwa mtukutu darasani. Anagonga dawati, anaimba katikati ya hesabu, na siku moja kawafunga wenzake kamba za viatu kwenye miguu ya benchi. Kafagishwa, kapigishwa magoti, wapi. Akitolewa nje anawachekesha walio ndani kupitia dirisha. Usicheke, nakujua.

Shuleni kwao, kosa la tatu mzazi anaitwa. Nimeitwa mara nne, nimekwenda mara nne, na nyumbani nikamsema hadi koo likakauka. Kila nikitoka ofisini anazidi. Mwishowe mwalimu mkuu akasema yamemfika shingoni, kamati ikae, mtoto atafutiwe shule nyingine. Chakula kilinishinda siku hiyo.

Mwalimu wake wa darasa akaomba akae na mtoto kwanza, wawili tu, wakitia madaftari majalada. Mimi nilikuwa kwenye benchi la nje, nasikia yote. Hakumuuliza kwa nini anasumbua. Alimuuliza anataka nini. Mtoto akajibu, "Si mlisema nikizidi mtamwita mama? Mbona kila siku anakuja mama mkubwa?"

Mdogo wangu, ni mimi niliyejaza fomu ya shule, mahali pa mzazi nikaandika jina langu, usije ukasumbuliwa. Kumbe mtoto anakuita kwa njia pekee aliyoijua, nami nakimbilia kuitika.

Kamati imemwacha mpaka muhula uishe. Mwalimu hamtoi nje tena. Akianza vurugu anampa madaftari agawe, na asubuhi wanaongea kidogo kabla ya kengele. Wengine wanasema anadekezwa. Mimi nasema ufagio na magoti tumeviona, havikutuambia kitu. Lakini sikudanganyi, Jumatatu alivuruga tena, na siku ya kufunga shule, tarehe 12 Julai, watamwamulia.

Sikulaumu. Ulikwenda kututafutia, na sote tunajua. Ila nimekukumbuka vibaya, na kuna mahali siwezi kukaa badala yako.

Mama anakusalimu sana, na jirani yetu muuguzi anauliza utarudi lini. Mwenzako wa chumbani mpe salamu zangu. Mungu akufunike, akulainishie moyo wa tajiri wako akupe ruhusa.

Humu ndani nimetia barua ya wito kutoka shuleni. Niliwaomba waandike jina lako. Mtoto aliiona Alhamisi, akaisoma mara mbili, na tangu hapo hajagonga dawati. Anasema ya nini tena, mama ameshaitwa.

Dada yako anayekupenda, na safari hii siendi mimi.