Baba Alipopewa Amri ya Kugonjwa

Bunia, Rwambuzi, tarehe 9 mwezi wa sita 2025

Mupendwa yaya Honoré, kaka yangu mukubwa,

Nakusalimia kwa jina la Bwana. Habari ya Kinshasa? Madamu Elodie na batoto banaendelea namna gani, na malaria yako imeisha? Huku niko muzima, na hasira yangu pia iko muzima, sababu ya baba.

Baba aliacha jeshi, ni miaka kumi na nane sasa. Jeshi lenyewe halijamuacha. Unakumbuka nilikuambia juu ya kidonda cha muguu wake, kile cha ugonjwa wa sukari. Kutoka kijijini kwa baba mpaka hospitali ya Mahagi ni siku nzima ya pikipiki, kama mvua haikunyesha. Kwa hiyo tulifurahi kusikia badocta bataanza kupita kule kutunza basoda bazee, mara mbili kwa mwaka.

Mara ya kwanza, baba alivaa kofia yake na botine, viatu vyake vya jeshi, akasimama wa kwanza mu mustari, akapiga saluti. Docta akamuuliza habari ya mwili. Akajibu: "Rien à signaler, chef." Yaani hakuna neno. Kidonda kinanuka ndani ya botine, yeye hakuna neno. Docta alikuwa na batu mingi nyuma, akaandika kwa fishi, karatasi ya mugonjwa, kwamba muzee ni muzima, akamupa dawa ya minyoo.

Tangu siku ile, kila nikimulilia aende Mahagi, ananionyesha fishi. Docta ameandika, mimi binti ni nani wa kubisha? Nilimununia juma mbili, hakuona hata.

Kisha vidole vikaanza kuwa nyeusi. Muganga mumoja aliona picha kwa simu yangu, akasema tukichelewa, muguu wote utakatwa. Yaya, siku ile nililia sana.

Badocta baliporudi mwezi uliopita, nilienda mwenyewe. Nilipita kwanza kwa muzee Étienne, yule adjudant aliyekuwa mukubwa wa baba mu jeshi. Haoni vizuri tena, lakini sauti yake iko. Nilimupakia kwa pikipiki katikati yangu na muendeshaji. Kufika tu, akasimama mbele ya baba: "Sergent Baudouin, toa botine. Nataka raporo ya mwili wote, kuanzia chini."

Baba alitoa raporo, habari yote bila kuficha. Muguu, goti, mugongo, meno, mukojo. Alitaja hata pombe aliyokunywa Pasaka kwa kujificha. Kila akinyamaza, adjudant anasema: endelea. Fishi ilijaa pande zote mbili.

Balimupeleka Mahagi na motokari yao, mimi na adjudant pamoja naye. Balikata vidole viwili, muguu umebaki, Mungu asifiwe. Sasa bazee bote babili bako kwangu hapa Bunia, sababu baba hamezi kidonge bila amri. Sombe yangu, majani ya muhogo, inaisha mu sufuria mbele ya mimi kukaa.

Lakini neno moja sitakuficha. Mbele ya kumuingiza chumba cha kukatwa, baba alipiga saluti palepale kitandani, akamuuliza adjudant pole pole kama yeye ako na ruhusa ya kuogopa.

Muzee Étienne alimushika mukono. Akamuambia: "Ruhusa umepata. Hata mimi naogopa."

Unisalimie Elodie, Caleb na Solange. Mungu abakinge weye na nyumba yako. Na ukipiga simu, usimuulize baba habari, omba raporo.

Ni mimi dada yako ninayekupenda,
Jeannine