Boga la Mkwe na Samli ya Wifi

Mpendwa Bibi Damari,

Naomba unisaidie upesi, maana mimi ni mkamwana na anayeumwa ni baba mkwe, na wewe ni mtu wa huku kwetu, unajua kwamba mkamwana hamwoni baba mkwe wake, haongei naye wala jina lake halitaji, nikimsikia tu anakohoa njiani naingia migombani najifunika mpaka apite, na sijaona taabu katika jambo hilo tangu Ambokile aliponioa akanileta huku karibu na Ipinda kutoka kwetu Matema, ambako mama yangu anafinyanga vyungu.

Baba mkwe alianza kuumwa wakati wa kuvuna mpunga, macho yakawa ya njano, ubavu wa kulia ukamkaza, na kila akila mbalaga ya mama mkwe, ndizi zilizopikwa na nyama na samli ya kuelea, alikuwa anatapika mpaka analala chini, basi Ambokile akampeleka kwa daktari Mdachi wa misheni, naye akasema mafuta basi, pombe basi, apewe vitu laini vyepesi mpaka macho yarudi meupe. Ambokile aliporudi akamwambia mama yake apike vyepesi, mama mkwe akacheka akasema, "Mume wangu ana ng'ombe zizini, leo nimlishe kama mfungwa wa boma?" Ndipo Ambokile akaja kwangu akanieleza yote ya daktari akasema, mke wangu, pika wewe.

Bibi, kupika boga najua. Nachagua lililokomaa, la kikonyo kikavu, nalikata na maganda yake, natandika vipande vya mgomba chini ya chungu cha mama yangu, maji kidogo tu, nafunika na majani ya mgomba halafu na kigae, na juu ya kigae naweka makaa, boga linaiva kwa mvuke na kwa moto wa juu na linatoka kavu, tamu, halitaki asali wala kitu. Naliponda, natia maziwa yaliyoondolewa utando na chembe ya chumvi. Siku nyingine nachanganya na unga wa ulezi na ndizi mbivu, nafunga katika majani, naoka vikate vidogo.

Aliyekuwa akipeleka ni wifi yangu Angetile, aliyerudi nyumbani baada ya kufiwa na mumewe, ndiye anayemuuguza baba yake. Nilikuwa nampa bakuli namwambia, mpelekee likiwa moto. Siku za kwanza baba mkwe alikula asitapike, akaomba tena, na Angetile akaniletea salamu kwamba mzee amesema ndaga fijo, asante sana, kwa aliyepika, nami nikafurahi sana, nisikufiche, nikaona sasa hata wao watajua kwamba Mkisi, mtu wa kwetu Matema, si wa kufinyanga tu.

Kisha akaanza kutapika tena, safari hii vibaya kuliko mwanzo. Mama mkwe akasema mbele ya majirani, "Hilo boga la Mkisi lina nini ndani yake?" Boma imekataza watu kunyweshwa mwavi wa kutafuta wachawi, Bibi, lakini ndimi hazijakatazwa, na tangu siku hiyo kisimani wanawake wananipisha kama mgeni. Sikuweza kulala. Nikafanya neno ambalo sijamwambia hata Ambokile: nilikwenda nyuma ya nyumba ya wakwe, nikachungulia kwenye ua wa mianzi, nikamwona baba mkwe ameketi juani, mifupa mitupu, macho kama manjano yaliyosagwa. Nimemtazama usoni. Akifa watasema ni macho yangu.

Nilipofika nyumbani bakuli lilikuwa limerudishwa, na pembeni mwake samli imeganda. Mimi samli sikutia! Nikamkamata Angetile, akalia, akasema, "Wifi, wazee wenzake walikuja kumwona wakamkuta anakula boga kavu kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Walitazamana. Nikaona aibu kwa ajili ya baba yangu, ndiyo maana namtilia samli kidogo, ya heshima tu." Akanishika miguu nisimwambie mtu.

Sasa nikisema, Angetile ataitwa muuaji wa baba yake, na ni mjane, hana pa kwenda. Nikinyamaza, muuaji ni mimi. Mama mkwe amekwisha kulikataa boga langu na mbalaga imerudi. Je, niache kupika, nirudi Matema kwa mama yangu mpaka mambo yapoe, au nifanye nini?

Mimi Mkamwana

*

Mwanangu Mkamwana,

Jibu hili nimelituma kwanza kwa mkono wa mwinjilisti anayepita kwenu, gazeti letu lisije likafika watu wako wakiwa tayari matangani. Hapa nalichapa kwa ajili ya wengine, na majina nimeyabadili yote, kwa hiyo majirani wasijisumbue kuhesabu wajane wa Ipinda.

Pole. Nasema pole kwa moyo wote, maana kumpikia mtu usiyeruhusiwa kumwona ni kazi ngumu, unarusha mshale gizani, na maneno ya kisimani nimeyasikia masikioni mwangu mwenyewe miaka iliyopita, najua yanavyochoma. Basi, pole imekwisha. Sasa tusemezane.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipomwambia Angetile kwamba daktari amekataza mafuta. Sipaoni. Uliambiwa na Ambokile, na Angetile ukamwambia apeleke likiwa moto. Mama mkwe naye aliambiwa "vyepesi" tu, na kwetu huku chakula chepesi ni chakula cha mtu asiyependwa. Neno lenye uzima wa mzee lilibaki chumbani kwa watu wawili, na anayemshika mgonjwa mkono hakuwa mmoja wao. Angetile alitia samli kwa kuwa anampenda baba yake. Ningekuwa yeye, bila kujua, ningetia vijiko viwili!

Na kwa nini hukusema? Umeniandikia mwenyewe bila kujijua. Ulitaka boga liwe lako, na salamu ziwe zako. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini mficha dawa naye ni mbaya vilevile. Ambokile naye nimemwandikia karatasi yake peke yake, na haina sukari. Mwanamume mzima anatumwa na daktari, akifika kwa mama yake anamung'unya maneno kama mwenye jino bovu!

Habari ya kuchungulia. Macho yako hayana sumu, mwanangu. Kinachomuumiza mzee kiko kwenye bakuli. Lakini usirudie, maana siku utakayoonwa uani hapo, hakuna atakayetaka kusikia habari ya samli, wote watazungumza habari ya macho yako, na mzee ataendelea kutapika. Mila inakukataza kumwona baba mkwe. Haikukatazi kusema na mama mkwe.

Matema usiende. Ukiondoka leo utakuwa umekiri kosa usilolitenda, na mgonjwa utamwachia mbalaga.

Fanya hivi, na ufanye siku hiyohiyo utakayopata karatasi hii. Anza na Angetile, mwambie mkiwa peke yenu: "Wifi, daktari alikataza mafuta, nami sikukwambia. Kosa langu ni la kwanza." Utaona atakavyopumua. Kisha nendeni pamoja mkamwite mama mkwe aje nyumbani kwako, wewe ubaki njiani, Angetile ndiye aingie. Akifika, Ambokile awepo, aseme maneno ya daktari yote kwa sauti, neno mafuta alitaje kwa jina lake. Angetile aseme alitia samli kwa kutojua. Mama mkwe atafoka. Mwache afoke, hajalala tangu mavuno. Akimgeukia Angetile, wewe sema lile kosa lako tena, mbele yake, ili lisimwangukie mjane peke yake.

Halafu usihutubu. Mpe kisu na boga akate yeye. Mketi jikoni pamoja, aone kila kinachoingia chunguni kwa macho yake, na likiiva aonje wa kwanza, nawe ule mbele yake. Vikate vyako ni vizuri, ila ulezi punguza kwa mgonjwa, unga mwingi ni mzito. Chukua ute wa yai peke yake, kiini wape watoto, upige kwa kijiti mpaka utoe povu jeupe, uchanganye na boga pole pole bila kulivuruga povu, ndipo ufunge katika majani uoke. Vikate vitainuka, vitakuwa laini hata kwa asiye na meno. Akikataa vikate, mpe uji wa boga, wenye unga kidogo uliochekechwa. Kidogo kidogo, mara nyingi. Samli ya nyumba hiyo ifungiwe chunguni mpaka macho ya mzee yawe meupe, na daktari amwone tena, maana boga si dawa, ni chakula tu kisichomgombeza tumbo.

Habari ya aibu ya wazee wenzake, hiyo mwachie mama mkwe. Bakuli alipeleke yeye, kwa mkono wake, wakiwa wameketi hapo, aseme, "Hiki nimepika mimi." Mke mkubwa wa nyumba akisema hivyo, hakuna mzee atakayethubutu kutazama pembeni.

Ndiyo, aseme amepika yeye. Nakuona unavyokunja uso. Mzee akipona atawaambia watu mke wake ndiye aliyemponya, na kijiji kizima kitaitikia, na jina lako halitatajwa hata kidogo. Litakuuma. Nyamaza, ukapande maboga mengine.

Bibi Damari