Dole Gumba kwa Pensheni ya Zambia

Jumanne, jioni.

Hawa wa pensheni ya Zambia wanataka alama ileile niliyoweka nilipoanza kazi mgodini kwao. Wakati ule sikujua kusoma, niliweka dole gumba. Leo kwa mtendaji wa kata nikashika kalamu nisaini fomu yao, maana siku hizi jina langu naliandika vizuri kuliko vijana wa sekondari.

"Baba Paulo, ukisaini watasema ni mtu mwingine," akasema mtendaji, binti tu. "Utakosa."

"Watakosa wao."

Nikabisha mpaka foleni ikaguna. Mwisho nikabonyeza kidole, na ofisi ikapotea. Nikajiona kijana, kofia ya mgodini kichwani, mgongo hauumi, nashuka chini naimba.

Kuacha jina langu kumeniuma. Lakini aliyechimba ni yule kijana. Acha aje adai chake mwenyewe.