Matundu Manne ya Paneli

Baba,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa salamu, kisha kumjulia hali yule tunayemwandikia. Hali yako naijua. Nimetoka huko sasa hivi kung'oa magugu, na udongo umeanza kudidimia upande wa miguu. Kwa hivyo nitaanza na hali yetu.

Paneli haiko tena juu ya paa. Baba Mdogo aliishusha wiki iliyopita akaipeleka kwake Voi, pamoja na betri, zile taa tatu, hata swichi. Alizifungua huku akipiga mluzi. Kilichobaki ni matundu manne ya boliti kwenye mabati, juu kabisa ya kitanda chenu. Mchana jua linapita humo na kuweka vidoa vinne sakafuni, na vinatembea polepole mpaka kwenye kabati. Mvua ikinyesha, Mama anavuta kitanda. Hataki nimsaidie kukivuta. Hanisemeshi, Baba. Hii ni wiki ya tatu. Akitaka chumvi anaifuata mwenyewe. Jana nilikuwa nimesimama karibu naye akamwambia kuku, "Toka humu ndani, nyumba hii ina msaliti wa kutosha."

Nitakueleza kwa nini. Lakini kwanza kuna jambo ambalo ni wewe peke yako uliyelijua, na ulikwenda nalo.

Unakumbuka siku uliyoileta paneli. Uliuza mtamba, Baba Mdogo akaongezea sehemu yake, na ukaja nayo kutoka Voi umeikumbatia nyuma ya bodaboda kama mtu anayepeleka mgonjwa. Mimi ndiye niliyekusomea tangazo la serikali, lakini siku hiyo ulinieleza upya kana kwamba silijui: unanunua mwenyewe, unafunga mwenyewe, unatunza risiti, mkaguzi anakuja kuona, halafu serikali inakurudishia nusu ya gharama. "Nusu ikirudi," ukasema, "tunamlipa mdogo wangu kwanza. Inayobaki ni ya chuo chako cha uuguzi. Jua litakusomesha, karani."

Uliniita karani tangu nikiwa darasa la nne, kwa sababu macho yako yalikuwa yamekataa maandishi madogo na mimi ndiye niliyekuwa nikikusomea kila karatasi. Niliipenda sana hiyo kazi. Mbele ya watu sauti yangu hukauka, unajua, lakini mbele ya karatasi sikuwa na haya.

Nilidhani sina.

Paneli yetu, kama za nyumba nyingi huku Marungu, ilikuwa inatoka na mbuzi na kuingia na mbuzi. Asubuhi wewe unashika huku, mimi kule, tunailaza juu ya kichanja cha vyombo. Saa sita tunaigeuza. Saa kumi tunaihamishia karibu na choo, ambako jua hukawia. Jioni inalala ndani, imeegemezwa ukutani nyuma ya mlango, kwa sababu ya wezi na kwa sababu ya ndovu. Ulikuwa ukiipangusa vumbi kwa mkono wa shati na kusema, "Huyu ndiye mbuzi pekee asiyekula." Mama alicheka kila mara, hata mara ya ishirini.

Siku ya kujaza fomu ulinituma peke yangu kwa chifu, wewe ukiwa unarekebisha ua. Nilijaza jina lako, namba ya kitambulisho chako, namba ya simu yangu. Halafu nikafika mahali palipouliza: paneli imefungwa wapi? Kulikuwa na visanduku vitatu. Paa. Nguzo. Pengine, eleza. Nilishika kalamu nieleze. Nyuma yangu alikuwa amesimama Mghoi, yule tuliyesoma naye, akisoma juu ya bega langu. Ukutani kulikuwa na picha ya nyumba ya vigae, paneli inang'aa juu, na familia imesimama chini ikionyesha meno yote. Karani wa pale akasema, "Harakisha, msichana, wenzako wanangoja." Nikaona aibu, Baba. Niliona aibu kuandika mbele ya Mghoi kwamba paneli yetu inalala nyuma ya mlango. Nikatia tiki kwenye Paa. Ilikuwa kazi fupi kuliko kupiga chafya.

Ujumbe wa kuthibitisha ulipoingia kwenye simu nilikusomea wote, kwa sababu sikuwahi kukuruka mstari. Nikafika kwenye neno paa. Uliokota kijiti ukakivunja vipande vidogo vidogo. Kisha ukasema, "Karani wangu ameandika paa. Basi itakuwa paa. Mkaguzi hatakuja hapa akute mtoto wangu amedanganya." Mama aliporudi kutoka mtoni ulimwambia ni serikali inayotaka paneli ikae juu. Ulinitazama mara moja tu. Tangu siku hiyo Mama ameilaumu serikali, nami nimemwacha ailaumu.

Nilikushikia ngazi Jumamosi ile. Uliikaza boliti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilikuwa na kutu ukaitukana kwa Kidawida, nikacheka. Ulipomaliza uliinuka ukasema, "Haya, karani. Sasa si uongo tena." Ukarudi nyuma hatua moja uitazame vizuri. Mbao ya hapo ilikuwa imeliwa na mchwa, imebaki rangi tu, ikavunjika. Ngazi mikononi mwangu haikutikisika hata kidogo. Ulipita pembeni yangu na kuangukia mawe ya tanki.

Tulikupakia kwenye gari la mwenye duka. Ulikata roho kabla hatujafika lami.

Paneli haikusogea. Ulikuwa umeifunga vizuri sana.

Matangani watu walikaa chini yake. Taa zako ndizo zilizowaka siku zote hizo, na simu za waombolezaji zilipangwa foleni kuchajiwa kwa betri yako. Nilikuwa nikikoroga sufuria ya pure, mahindi na maharagwe, nyuma ya jikoni nikawasikia wanaume waliokuwa wakipasua kuni. Mmoja akasema, "Alitaka arudishiwe nusu." Mwingine akajibu, "Naye amekwenda mzima." Wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Kisha wakaniona, wakaniuliza kama chakula kiko karibu. Nikasema bado kidogo. Ndivyo nilivyowajibu, Baba, waliokucheka. Bado kidogo.

Sasa nisikilize kuhusu Baba Mdogo, na usimchukie haraka. Pesa alizotia zilikuwa zote alizokuwa nazo. Baada ya mazishi alikwenda kuuliza ofisini, kwa mafumbo, itakuwaje kama mwenye maombi amefariki. Akaambiwa maombi yanafungwa, kwa kuwa yanamtaka mwenye nyumba mwenyewe, uso kwa uso na kitambulisho chake. Mjane anaweza kuomba upya, lakini kwa paneli mpya. Alirudi kwetu. Kitambulisho chako kilitakiwa kurudishwa wakati wa kuandikisha kifo, naye alikuwa amesema kimepotea. Sasa akakitoa mfukoni akakiweka mezani.

"Tunafanana," akasema. "Hata marehemu mama alikuwa akituchanganya. Mkaguzi anatoka mbali, hamjui mtu. Nitavaa koti lake, nitatia sahihi, basi. Shemeji, wewe utaulizwa kama mimi ni mume wako, utasema ndiyo. Na wewe, bubu, kazi yako ni ile ile unayoijua." Bubu ni mimi.

Mama alisema hawezi. Baba Mdogo akamwambia, "Basi mweleze huyu mtoto atasomea wapi uuguzi. Kwa kuku?" Mama akaitazama fomu ya chuo iliyokuwa imebandikwa ukutani, kisha akatazama mikono yake.

Mkaguzi alikuja. Nilitarajia mzee mkali, akaja dada mmoja mpole mwenye viatu vya vumbi na kompyuta ndogo ya kushika mkononi. Alikubali maji akayanywa yote. Baba Mdogo alikuwa ameketi kwenye kiti chako, amevaa koti lako la kahawia. Mikono ya koti ilikuwa mifupi kidogo kwake, akawa anaivuta. Mama aliketi na ungo wa pojo, akichambua pojo ambazo zilikuwa zimekwisha kuchambuliwa.

Yule dada alizunguka nyumba, akatazama juu, akagonga ukuta. Akasema, "Imefungwa vizuri mno. Ila kwa mbao kama hizi, mzee, nisingekushauri uiweke juu. Wengi huku wanaitoa asubuhi na kuirudisha ndani jioni. Sisi hatuna neno, tunaandika tu pengine." Baba Mdogo akasema fomu ilikuwa imekwisha kuandikwa paa. Yule dada akacheka. "Hiyo tu? Si ninabadilisha hapa hapa." Akagusa kioo kwa kidole, tiki ikaondoka. Akagusa tena, ikarudi. Alitaka tu kutuonyesha ni rahisi kiasi gani.

Nilikiona kidole chake, Baba. Bado nakiona.

Kisha akamuuliza Mama, "Huyu ndiye mzee wa nyumba?" Mama akauinamia ungo akasema, "Ndiye." Sauti haikuwa yake. Yule dada akaitazama picha ya kitambulisho, akamtazama Baba Mdogo, akanigeukia mimi, kwa kuwa namba ya simu ilikuwa yangu. "Na wewe ndiye uliyejaza? Una mwandiko mzuri. Haya, nithibitishie, huyu ni baba yako?"

Ilikuwa tiki nyingine. Fupi vile vile. Na nilijua mtu anaweza kufa kwa tiki.

Nikasema, "Hapana. Baba yangu yuko pale." Nikanyoosha kidole kwenye kaburi lako, ambalo udongo wake ulikuwa bado mwekundu.

Yule dada alifunga kifuniko cha kompyuta yake taratibu. Alimpa Mama pole, akaniambia mimi pole, akasema hatamshtaki mtu yeyote lakini hana njia ya kuyaendeleza maombi. Aliacha hata glasi ameiosha.

Baba Mdogo alivua koti lako akanitupia usoni. "Umeridhika?" akasema. "Siku zote mdomo umeshonwa, leo ndiyo umepata sauti?" Lakini yeye hakuniumiza. Aliyeniumiza ni Mama. Alinyanyuka, pojo zikamwagika zote, akasema, "Mimi nimemkana baba yako kwa ajili yako. Nimeita mume mtu ambaye si mume wangu, kwa ajili ya chuo chako. Na wewe ukanifanya mwongo mbele ya mgeni." Akaingia ndani. Ndiyo mara ya mwisho kusema nami.

Habari haikukawia. Kisimani wanawake wanamuuliza mume mpya anakula nini. Mmoja alisema, "Udongo haujakauka, mwenzetu amekwisha kuthibitisha mwingine." Mama huteka maji na kuondoka. Mimi nilikuwapo nikasikia, na safari hii pia sikusema neno. Sauti yangu ilitoka siku moja tu, na ikatoka dhidi yake.

Fomu ya chuo nimeibandua ukutani. Mghoi ameitwa kwenye chuo kile kile. Alikuja kuniaga na viatu vipya vyeupe, akaniuliza kama nitakuja muhula ujao. Nikasema labda.

Sijutii nilichomwambia mkaguzi. Nataka ulijue hilo. Ulipanda juu ili nisiwe mwongo, na kama ningesema ndiyo, ungekuwa umeanguka bure kabisa. Lakini nimekaa nikalifikiria, na naona ukweli wangu ule ulikuwa nusu tu. Nilimwambia mgeni kwamba umekufa. Sijamwambia Mama kwa nini ulipanda. Nimemwacha abebe uongo wake mbele ya kijiji kizima, na wangu nimeufunika kwa jina la serikali.

Kwa hivyo nakuahidi hivi. Kesho asubuhi, kabla mbuzi hawajatoka, nitamsomea Mama barua hii. Nitaisoma yote, bila kuruka mstari, kama nilivyokuwa nikikusomea wewe. Nimeomba lami kidogo kwa mafundi wa barabara, iko kwenye kopo, na nimekata vipande vinne vya mpira. Ngazi bado iko nyuma ya zizi ulikozoea kuiweka. Baba Mdogo alikuja na yake, na sisi hakuna aliyeigusa ya kwako. Nitaileta mwenyewe. Nitakanyaga kwenye misumari tu, ambako mbao bado ni nzima, na nitayaziba matundu yote manne.

Ila siwezi kupanda bila mtu wa kuishika, na nyumbani hakuna mwingine. Nikishamaliza kusoma, nitamwomba Mama anishikie ngazi.

Akiishika nitapanda, Baba, na sitatazama chini kuona ameishika vipi.

Kwaheri. Magugu nitayarudia Jumamosi.

Karani wako,
Wakesho