Risasi za Ncha Ngumu

Bariadi, Jumatano jioni

Zote kumi na mbili zipo. Nimezifuta vumbi moja moja, nimezirudisha kwenye kopo.

Shemeji Masanja alizitaka Jumapili, ana kibali cha nyati. Siku hizi kila kitu ruksa, maduka ya Mwanza yamejaa, ila risasi hizi za ncha ngumu sizioni tena. Nikampa za ncha laini, za swala. "Hizi zinafaa kwa mnyama yeyote, shemeji." Nilijua nyati akipigwa nazo anaendelea kuja. Yeye hakujua. Kwake risasi ni risasi.

Siku ya harusi yake aliwaambia wageni kwamba nakusanya risasi kwa sababu nimeshindwa kupata watoto. Watu walicheka mpaka machozi. Eti utani wa mashemeji.

Jana wamemrudisha kwenye mkokoteni wa ng'ombe, paja limechanwa hadi mfupa. Wanasema mguu utakatwa. Wasiwasi wangu ni mmoja tu, kwamba akipata nguvu ataanza kuuliza.

Leo dada yangu Kabula, mkewe, kaniletea kuku. "Asante kaka, ulimpa risasi zako mwenyewe."

Nilimpokea kuku kwa mikono miwili. Nimemla jioni hii. Nilianza na paja.