Mwonja Mkate wa Jenerali

Al-Murabba, Riyadh
Jumapili, baada ya kazi

Kwa dada yangu Nafula,

Nakusalimu kwa kalamu, kwa sababu kwa mdomo umenikataa. Naomba Mungu ile miguu yako isiwe imevimba tena, na baridi ya huko mlimani iwe imekiachia kifua chako. Shemeji hajambo? Yule ng'ombe mweupe alizaa? Mimi ni mzima. Jua la huku limenichoma mpaka nimebaki meno tu, lakini bado nina nguvu kuliko hawa vijana walioletwa juzi juzi, wakibeba sanduku moja wanataka kulala.

Salamu zimetosha. Sasa tugombane.

Uliniandikia maneno mawili kwenye simu: "Ni wewe?" Nikapiga, hukushika. Nikatuma ujumbe wa sauti, ukanijibu kwamba hutaki kuisikia sauti yangu tena mpaka ufe, kwa kuwa sauti yangu ndiyo imemtia mwanao Barasa kwenye hatari. Haya. Karatasi haina sauti. Inaletwa na Wanyonyi, dereva mwenzangu, mtu wa kwetu, anakuja likizo. Mpe chai, na usimwache aondoke kabla hujasoma mpaka chini, maana kuna kazi nimempa.

Jibu lako nitakupa, lakini kwanza nitakasirika, kwa sababu na mimi nina haki ya kukasirika.

Nani alimruhusu Barasa kwenda Juba? Mimi nilisema wazi, siku ya mazishi ya baba, watu wote wakisikia. Nilisema nchi yenye wakubwa wawili, kila mmoja na askari wake, si mahali pa kwenda kujenga tanuri la mkate. Leo wanapeana mikono na kupigwa picha, kesho askari wao wanamiminiana risasi mitaani, na kila upande unaapa kwamba ni ule mwingine ulioanza. Ukanijibu nini, ukiniita kwa lile jina langu la sifa? "Chui, wewe uliondoka, mwache na yeye aondoke." Shemeji akacheka mpaka akashika tumbo. Muulize kama bado anacheka.

Na huyo mwanao mwenyewe, mtu mzima wa miaka thelathini na zaidi, kichwa kama jiwe la kusagia. Mwaka jana nilimwambia afunge arudi. Akaniambia, "Mjomba, watu wa pande zote mbili wanakula mkate." Hiyo ndiyo akili yake! Kwamba kwa sababu wote wanakula, hakuna atakayemgusa anayeoka.

Alinipigia mara moja tu baada ya mambo haya kutokea, nami nakuandikia alivyoniambia ili tusije tukawa na habari mbili. Asubuhi, mkate ukiwa ndio unatoka, waliingia wanaume watatu wanaojiita watu wa upande wa pili. Kama ni kweli au ni wahuni tu wenye bunduki, Mungu ndiye anajua. Mmoja akatoa simu, akamwekea sauti. Mtu anaongea Kiswahili, anasema mpwa wake aliye Juba ndiye anayeonja mkate wa jenerali fulani wa upande wa kwanza. Ati jenerali hali kitu mpaka mpwa aonje, wakae pamoja wakimtazama kwa muda wa kuchemsha chai, na akiwa bado hai ndipo mkubwa aanze kula. Barasa akasikia kikohozi katikati ya maneno, akakijua.

Wakamwambia, wewe unafika karibu naye kuliko mtu yeyote, kuna unga tutakuletea, utauchanganya. Wamempa mpaka mwisho wa mwezi. Akawaapia kwamba hajawahi kumwona huyo jenerali hata kwa kisogo. Anapeleka magunia ya mkate kwenye lango la kambi, anamwachia mlinzi, anarudi. Wakasema ndivyo mtu wa siri anavyotakiwa kujibu. Siku mbili baadaye, kwenye kizuizi, askari wa upande wa kwanza naye akamwuliza wale watu watatu walifuata nini kwake. Kwa hiyo akikataa, hawa watamwua. Akikubali, au akishukiwa tu, wale watamwua. Na ameambiwa asitoke mjini. Akionekana uwanja wa ndege au kwenye msafara wa malori, kwao hiyo ni sawa na kukiri.

Sasa jibu lako. Ndiyo. Ni mimi.

Usiitupe karatasi. Endelea.

Hapa tunapolala kulikuwa na watu wawili wa nchi hiyo, Simon na James. Simon alikulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kiswahili chake ni kama chetu. Walikuwa wakipika sufuria moja miaka miwili. Kisha habari ikaja kwamba mapigano yameanza tena kwao, na sufuria zikawa mbili, na katikati ya vitanda vyao wakaning'iniza shuka. Ijumaa moja mchana, sote tuko chumbani, ikalipuka.

"Watu wenu ndio walianza," Simon akasema.

"Watu wangu? Wewe ulikuwepo?"

"Mamangu alikuwepo."

"Na wangu alikuwa wapi? Harusini?"

Wakasimama. Mimi ndiye mkubwa chumba kile, kila mtu anaheshimu neno langu, nikaona niingilie. Nikasema tulieni, vijana, mimi nina habari za ndani za Juba. James akanigeukia. "Ndani ya nini, mzee? Ndani ya gari la Mwarabu?"

Chumba kizima kikacheka, dada. Wakenya, Waganda, mpaka yule Mbangladeshi asiyejua lugha. Mtu ninayeendesha gari la bosi kutoka Riyadh mpaka Jeddah bila kushika breki ovyo, mtu ambaye bosi humwuliza maoni kabla ya kununua tairi! Wewe unajua kicheko kinanifanya nini. Umejua tangu tukiwa wadogo.

Nikatoa simu. Nilikuwa na ile picha aliyonitumia Barasa, amesimama na magunia, kando yake askari mwenye nyota begani, ambaye hata hakuwa anamtazama. Nikaanza kusema. Nilianza na kwamba wanajuana. Wakanyamaza. Nikasema anamwokea. Wakasogea. Basi nikafika kwenye kuonja, na muda wa kuchemsha chai, na nyinginezo ambazo hata Barasa hakunirudia kwa huruma. James macho yamemtoka, "Haki, mzee?" Simu ya Simon ilikuwa juu ya goti lake. Mimi nilidhani anasoma ujumbe.

Uliponiandikia, Simon alikuwa ameshahamishiwa Jeddah, analinda ghala upande wa bandari. Bahati bosi alikuwa na safari. Nikamfikisha Jeddah, na Ijumaa baada ya swala, akiwa anakula kwa ndugu zake, nikaomba ruhusa ya saa mbili. Sikukuficha, nilikwenda kumvunja meno. Nilimkuta kwenye kibanda chake cha mlinzi, anakula wali.

"Kaa," akasema.

"Sikai. Simama."

"Nimesimama tangu asubuhi. Kama unataka kupiga, piga nikiwa nimekaa."

"Kwa nini uliituma ile sauti?"

"Nilimtumia binamu yangu huko kwetu, acheke. Kule hakuna kitu cha kuchekesha."

"Na alicheka?"

"Alimpa mkubwa wake asikilize."

"Na wewe ukanyamaza, nyoka wewe!"

Hapo akaweka sahani chini. "Sikunyamaza. Nilimwambia huyo ni Mkenya mwongo. Akaniuliza, umejuaje? Nikamwambia, kwa sababu alituambia pia kwamba aliua chui kwa mikono. Binamu akasema, kumbe ni ukoo wa watu hodari."

Nafula, mkono niliokuwa nimeuinua ulibaki huko juu.

Kisha akanitukana. Siyo matusi ya mama, afadhali yangekuwa hayo. Aliniambia, "Nyinyi mnaichukua vita yetu mnaifanya hadithi ya chai. Kakangu alipigwa risasi akitafuta maji. Wewe ulipokuwa ukisimulia mambo ya jenerali na mkate, uliniuliza kama nina mtu aliyekufa? Hata mara moja, mzee? Tumelala chumba kimoja miaka miwili." Nikakaa chini nje ya kibanda, kwenye lami, na suruali ya kazi.

Tukarekodi sauti pale pale. Nikasema mimi naitwa Wekesa, ni mwongo, mpwa wangu ni mwoka mkate tu, jenerali simjui, picha ni ya langoni. Nikairudia mara mbili. Simon akaituma. Majibu yalikuja bosi akiwa bado hajamaliza chakula: "Mbona anatetemeka? Huyo ameonywa na wakubwa wake. Sasa ndio tunajua ni kweli."

Unaona kazi yangu ilivyo nzuri? Nikidanganya wanaamini. Nikisema kweli wanazidi kuamini uongo.

Nikamwuliza Simon nifanye nini. Akasema hivi, na nakuandikia kama alivyosema: "Binamu yangu ana mama, na ni huyo peke yake anayemsikiliza. Tafuta mama wa huyo kijana aongee. Lakini asilie. Kule kila mama analia, wamezoea, kwao ni kama mlio wa jenereta. Aseme kitu cha aibu cha damu yake mwenyewe, kitu ambacho dada hawezi kumtungia kaka yake."

Njia nzima ya kurudi Riyadh nilikitafuta kitu hicho, na nilikuwa nakijua tangu Jeddah. Nilikuwa nakizunguka tu.

Wanyonyi ana simu nzuri. Keti naye, awashe, useme habari ya chui.

Sema yote. Sema hakukuwa na chui. Sema nilikuwa na miaka kumi na moja, niliingia shamba la misheni kuiba mapera, nikaona paka wa mpishi amekaa juu ya ukuta, nikakimbia nikajirusha kwenye senyenge, ule waya wa miiba, na ndipo mkono ulipochanika kutoka kiwiko mpaka kifundo. Sema ulinikuta nimening'inia kama nguo iliyoanikwa. Sema ulipasua kitambaa cha kichwa cha mama ukanifunga, na ukapigwa wewe kwa ajili ya kile kitambaa, na hukunitaja. Sema ni mimi niliyetunga chui tukiwa njiani kurudi, na nikakuapisha, na umenilindia hilo jambo zaidi ya miaka arobaini. Kovu lipo, nimelipiga picha nikamtumia Simon, atalituma pamoja na maneno yako. Waone lilivyonyooka. Kucha haziendi namna hiyo, ni waya.

Sema kwa Kiswahili, polepole. Binamu yake Simon naye alipitia Kakuma, atasikia. Usimwombe kitu. Usimtaje jenerali. Mwisho mwambie tu, "Huyo ndiye kaka yangu. Sasa mwanangu anaoka mkate." Halafu nyamaza, Wanyonyi azime amtumie Simon.

Na wakimwachia, mwambie Barasa atoke na msafara wa kwanza barabara ikiwa shwari, tanuri aliache lilivyo na moto wake. Akileta ule ubishi wake wa pande zote mbili zinakula, mwambie nimesema nitakuja mwenyewe kumchukua. Hapana. Usimwambie hivyo. Mwambie wewe mamake ndiye unamtaka nyumbani, halas, imekwisha.

Najua unaniuliza moyoni kama nimehesabu nitakavyobaki. Wanyonyi atajua, kwa hiyo chumba kizima huku kitajua. Watoto wangu wataijua. Nisalimie wifi yako Nasimiyu, lakini nenda kwake wewe mwenyewe kabla hajaisikia kisimani. Alikubali kuolewa na mtu aliyeua chui, alikataa mwalimu kwa ajili hiyo. Mwambie taratibu. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki kuliko mimi. Nisalimie shemeji, umwambie sasa anaweza kucheka na nitamwacha acheke. Nisalimie pia mke wa Barasa, na umwambie asiache taa ya sebuleni iwake mpaka mchana kwa kumngoja, mumewe anarudi. Mzee wa kanisa aliyenipa kiti cha mbele kwa sababu ya kovu, mwambie kiti ni chake.

Bado nimekukasirikia kuhusu yale maneno ya siku ya mazishi. Na wewe bado unikasirikie. Lakini ukasirike baada ya kuongea kwenye simu.

Na usinipunguzie, dada. Nakujua una huruma, utataka kusema nilijikaza. Nililia. Nililia kutoka shamba la misheni mpaka mlangoni kwa mama, na paka alitufuata njia nzima. Sema na paka.

Ndugu yako uliyemfunga mkono,
Wekesa